Jeneza la Msikiti na Abiria Aliye Hai

Mzee Zuberi alilitunza jeneza la msikiti kama wengine wanavyomtunza ng'ombe wa maziwa. Lilikuwa kitanda cha mninga chenye mikono minne, cha kubebea maiti hadi makaburini kisha kinarudi, na ubavuni fundi alichonga: Wakfu kwa maiti wa Kiislamu. Kila aliyelitamani alisomewa maneno hayo. Mwaka jana jirani yake Yohanes aliomba kuanikia mahindi juu yake. Akasomewa. Mafundi wa bati waliomba kulisimamisha liwe ngazi. Wakasomewa mara mbili.

"Siku ukifa," Yohanes alimtania, "utaamka kwanza ukague nani amelibeba."

Ndipo ikaja asubuhi ile ya Machi. Mvua ya siku tatu ilikuwa imelizoa daraja la magogo, lile ambalo wagombea huja kuliahidi saruji kila baada ya miaka mitano, na zahanati iko ng'ambo. Vitus, mkulima wa ulezi, alifika kwa Zuberi akihema.

"Shikamoo, baba. Dominika ana uchungu tangu jana. Mtoto amekaa vibaya, mkunga ameshindwa. Bodaboda haivuki, na machela ya kijiji imeoza. Naomba lile la msikiti."

"Marahaba. Vitus mwanangu, lile lina sharti, na sharti la mweka wakfu halichezewi. Mkeo si maiti."

"Ndicho nisichotaka awe, baba."

 Zuberi akatoka mbio, pindo la kanzu mkononi, hadi shambani kwa Sheikh Twaibu, imamu wao, akamkuta anapalilia maharage. Akamweleza yote.

"Marehemu Bibi Zena alilitoa akitaka nini?" aliuliza Sheikh bila kuacha jembe.

"Thawabu."

"Na sharia imekuja kulinda nini?"

Zuberi akahesabu kwa vidole, kama alivyofundishwa madrasa. "Dini, nafsi, akili, kizazi, mali."

"Dominika ana nafsi, tumboni ana kizazi. Viwili kwa safari moja. Maslaha ya watu ndiyo hayo, mzee wangu. Na leo hakuna maiti aliyepanga foleni."

"Lakini ni Mkristo, Sheikh."

"Ulipohesabu nafsi, uliuliza inasali wapi?"

Zuberi alitandika blanketi lake mwenyewe juu ya jeneza, Dominika akalazwa na kufunikwa, naye Zuberi akashika mkono wa mbele. Sasa, Waislamu wa pale wakiona jeneza linapita hukimbilia kulipokea, kila mmoja apate hatua chache za thawabu. Basi wanaume walichomoka madukani, wakapokezana mabega, wakitamka shahada kwa sauti ya chini. Jeneza lilipaa. Mshona viatu mmoja alibeba hatua kumi kabla maiti hajaguna juu ya kichwa chake. Shahada ikamtoka kwa sauti, lakini mkono hakuuachia.

Felisiani, katekista, alivua kofia kando ya barabara. "Nani ametutoka?"

"Hajatoka bado," alijibu Dominika kutoka kwenye blanketi, meno yamekazana. "Ndiyo shida yenyewe. Tembeeni."

Mtoni maji yaliwafika kifuani. Waliliinua juu ya vichwa, Waislamu na Wakatoliki, na Zuberi, aliyezidi miaka sabini, akakataa kupokelewa. Kabla ya adhana ya adhuhuri muuguzi alitoka akisema ni msichana, na mama yake anaomba uji.

Wiki iliyofuata Yohanes alikuja na magunia mawili.

"Mzee, maslaha ya watu. Nivushie haya mtoni, kijiji kizima kitakula."

"Yanahema?"

"Mahindi?"

Zuberi akamshika bega, akampeleka hadi ubavuni mwa jeneza, akamsomea, taratibu, neno kwa neno.

Kisha akaenda kwa seremala Leonsi kuagiza machela mpya ya kijiji. Leonsi akauliza achonge nini ubavuni. Zuberi alifikiri, akakumbuka magunia.

"Chonga: Wakfu kwa mtu yeyote anayehema. Na hilo neno mtu lichonge kubwa, Yohanes asiseme hakuliona."