Damu ya Shemeji

Jua halijachomoza, na foleni ya mkate imeshafika kwenye duka la viungo la jirani. Hapa mtaani kwetu Shiraz, Yadollah Zarei anatandaza donge juu ya beleshi refu, analitobolatobola kwa vidole, kisha analitelezesha tanurini juu ya vijiwe vya moto. Barakoa haivui. Wateja wanamtania kwamba anaficha sharubu mbaya.

Anacheka. Mwaka juzi hakuwa na pumzi ya kucheka.

Akiwa na miaka ishirini na tisa, Yadollah alipatwa na ugonjwa unaokausha uboho, ule ulio ndani ya mifupa na unaotengeneza damu. Fizi zilivuja, miguu ikagoma kusimama mbele ya moto. Aliishi kwa kuongezewa damu za watu, na madaktari walimwambia wazi kwamba asipopandikizwa uboho hatafika mbali.

Dada zake wawili walipimwa, hawakulingana naye. Kwa kuwa ukoo wao umeoana kwa vizazi, binamu nao wakaitwa. Aliyelingana naye ni Behzad, dereva wa lori, mtoto wa mjomba wake. Nyumba nzima ililia kwa furaha isipokuwa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu Behzad ni kaka wa Mahrokh, mchumba wake.

Daktari, kwa nia ya kuwatia moyo, alikuwa ameeleza kwamba damu yote mpya itatokana na Behzad, hata kundi la damu litabadilika. Yadollah akawaza mengine. Kwa sheria ya dini, walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Je, wenye uboho mmoja? Akasema hapandikizwi kitu.

Sababu alimweleza mama yake peke yake, na mama naye akaamini.

"Niliona haya kumuuliza shehe jambo kama hilo," anasema Bi Effat. "Nikawa namwombea mwanangu huku namwacha afe."

Mahrokh, fundi wa kushona mapazia, alipodokezwa habari na Bi Effat hakubembeleza. Alikwenda kwa kina Yadollah wakati wa chakula, akavua pete mbele ya wote.

"Basi mimi sikutaki," alimwambia. "Posa imevunjika. Kesho nenda hospitali na kaka yangu. Ndugu aliye hai nitamwona sikukuu. Mchumba aliyekufa nitamfanyia nini?"

Yadollah akaenda. Njiani Behzad alimwonya kwamba damu yake haijawahi kuamka alfajiri, kwa hiyo wateja wajiandae kukosa mkate.

Zikafuata wiki za chumba cha peke yake. Nywele zilimtoka kwa dawa kali, na mdomo ukajaa vidonda hata maji yakamuuma. Ndipo mama alipojikaza, akaenda msikitini. Shehe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza kwamba kilichotajwa ni maziwa ya kunyonya. Uboho haumfanyi mtu ndugu.

"Mama, mmembebesha kijana mzigo ambao haupo," alimwambia.

Bi Effat alilia njia nzima, na wala haoni haya kulisema hilo. Yadollah alipopewa habari kupitia kioo cha chumba cha wagonjwa, anasema, alilala usingizi wa raha kwa mara ya kwanza tangu augue.

Sasa uboho umeshika. Daktari amemruhusu kurudi kazini, mradi asivute vumbi la unga. Ila pete bado iko kwa Bi Effat. Mahrokh anasema posa aliivunja mbele ya watu, na hawezi kuiunga kimyakimya jikoni. Aje kama wanavyokuja wengine, na maua na vitamutamu, akae sebuleni kwa mjomba wake asubiri chai.

Atakwenda Alhamisi hii, na suti ameazima kwa Behzad.

"Mara ya kwanza wazee walinisemea, mimi nikatazama zulia," anasema huku akitoa mkate tanurini. "Safari hii nitamwambia mwenyewe: uliniacha ili niishi. Nimeishi. Basi nirudie."