Miaka Yangu ya Kushika Vichwa, Kivinje Hadi Lindi

Siku ya kwanza ya kazi yangu sikugusa unywele hata mmoja. Nilikuna nazi. Bi Msusi, ndivyo mji mzima wa Kilwa Kivinje ulivyomwita, alinipokea barazani kwake, akanitazama mikono kabla ya uso, akasema, "Kwanza kata kucha. Kisha nazi zile pale, na mbuzi iko nyuma ya mlango." Mama yangu aliyenileta alicheka, akaniacha na nazi zangu. Nilikuwa msichana aliyetoka juzi tu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na nilikwisha kujigamba kwa wenzangu kwamba mimi, Salima, sasa nitasuka mabibi harusi. Ilipofika adhuhuri viganja vilikuwa vinaniwaka.

Enzi zile za Mwingereza hakukuwa na duka la dawa za nywele katika pwani yetu. Mafuta tuliyapika wenyewe. Tui zito linaachwa litulie hadi lijitenge, ule utando mzito wa juu unaenguliwa na kubandikwa jikoni kwa moto mdogo. Ukikoka moto mkali mafuta yanaungua na kunuka moshi, na mwanamke atakayejipaka atanuka moshi wiki nzima. "Yakilia bado yana maji," alinifundisha Bi Msusi. "Yakinyamaza, epua." Masalia matamu yanayobaki chini ya sufuria ndiyo yaliyokuwa mshahara wangu wa mwanzo, na sikulalamika.

Baada ya mafuta nilifundishwa maji. Visima vya Kivinje vina chumvi, na chumvi ikikaukia kwenye nywele zinakuwa kavu kama ukili wa mkeka. Kwa hiyo tulikinga maji ya mvua kwenye pipa, na suuza ya mwisho ikawa ya mvua siku zote. Baada ya maji likaja chanuo, yaani kile kitana cha mti chenye meno mapana. Nilidhani kuchana nywele kila mtu anajua. Bi Msusi akanipiga kofi dogo la mkono mara ya kwanza tu.

"Unaanzia wapi wewe?"

"Kwenye utosi, bi mkubwa."

"Ukianzia utosini unayasukuma mafundo yote chini yakutane. Anzia ncha. Fungua kidogo, panda juu kidogo. Na nywele ziwe na unyevu na mafuta. Kavu usizichane hata ukiamrishwa na Bwana DC."

Nilikaa naye miaka, nikajifunza kupasua njia zilizonyooka, kusuka bila kukaza, na kumwambia mteja bila kumwonea haya kwamba misuko imezidi wiki mbili, aje nimfumue kichwa kipumzike. Hili la kupumzika liliwaudhi wengi. Mtu akisukwa akapendeza anataka abaki hivyo mpaka mwezi uandame tena. Bi Msusi hakubembeleza. Alikuwa akimfumua mtu huku akimsimulia habari za mji, na yule akishtuka yuko nusu kichwa, hana la kufanya ila kucheka.

Kituo changu cha pili kilikuwa Mchinga, na sikukiomba. Alikuja mama mmoja kutoka huko, amechoka kwa safari, akazungumza na Bi Msusi chumbani kwa sauti ya chini. Kisha nikaitwa.

"Huyu ana binti, Zainabu," Bi Msusi akaniambia. "Ameposwa na Hamisi, kijana wa Lindi, fundi cherehani. Mtoto aliugua homa ya matumbo, Mungu akamponya, lakini sasa nywele zinanyonyoka kwa mafungu. Utakwenda ukae huko mpaka kichwa kiote."

"Peke yangu, bi mkubwa?"

"Nazi ziko Mchinga pia."

Nilipanda lori la mbata, zile nazi zilizokaushwa, pamoja na yule mama, tukakaa juu ya magunia mpaka Mchinga, na njiani nikaambiwa lililokuwa linawanyima usingizi. Maneno yalikwisha kufika Lindi kwamba bi harusi ana maradhi mabaya. Mama wa bwana harusi, Bi Tatu, alituma salamu kwamba kabla ya arusi atakuja mwenyewe kumwona mwari. Kila mtu alijua maana ya salamu hizo. Akiona kichwa kina mabaka, posa itarudi, na msichana aliyerudishiwa posa kwa sababu ya maradhi nani tena angebisha hodi kwao?

Nilimkuta Zainabu amekaa ameegemea ukuta, kanga imekazwa kichwani kama bandeji. Tulikuwa rika moja. Hakuniamkia.

"Umekuja kunishonea nywele za bandia?"

"Nimekuja kukuna nazi," nikamjibu.

Akacheka kidogo, akavua kanga. Nilijizuia nisishtuke. Nywele zilizobaki zilikuwa nyuzi nyuzi, na katikati ngozi ilionekana. Lakini nilipokisogeza kichwa chake kwenye mwanga wa dirisha niliona vijinywele vidogo, laini, vimeanza kuchomoza. Vilinipa moyo. Homa kali huzichosha nywele, nazo huanguka mgonjwa akiwa amekwisha kupona, ndiyo maana watu hushikwa na hofu. Mizizi haikufa.

Tukaanza. Kila asubuhi nilipasha mafuta ya nazi yaliyochanganywa na kidogo ya nyonyo, yale mazito ya mbarika, nikamsugua kichwa kwa nyama za vidole, taratibu, mpaka ngozi ipate joto. Kusuka nilikataa kabisa, hata msuko mmoja. Usiku alifunga kichwa kwa kitambaa laini cha hariri cha bibi yake ili nywele zisisuguane na mkeka. Kisha nikaingia jikoni kwao, maana mwili uliotoka homani hauoti nywele kwa uji mtupu. Nikataka samaki, kunde, mchicha, mayai yakipatikana. Mama yake alidhani nazungumzia tumbo langu.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa majani ya mkunazi. Majani hayo ukiyaponda ndani ya maji yanatoa povu, yanaosha kichwa bila kukikausha kama sabuni ya kufulia. Mama Zainabu aliponiona naponda, akaniwekea mkono juu ya kinu.

"Salima, haya si majani ya kuoshea maiti?"

"Ndiyo, mama."

"Nawe unataka kumpaka bi harusi wangu!"

"Mama, na maji pia tunaoshea maiti. Mbona asubuhi tumeyanywa?"

Halafu Zainabu, aliyekuwa nyuma ya pazia, akapasuka kicheko, na ilikuwa mara ya kwanza mama yake kumsikia akicheka hivyo tangu augue. Mkono ukaondoka kwenye kinu.

Nywele hazina haraka. Miezi ikapita, kichwa chote kikafunikwa na nywele laini, nyeusi, lakini fupi, kama za mtoto aliyenyolewa zikaanza kuota. Arusi nayo ikakaribia. Mama Zainabu hakuweza kuvumilia. Alipata mahali nywele za bandia zilizoshonwa kwenye kofia ya kitambaa, akaniletea. "Mvike siku akija Bi Tatu. Baada ya ndoa tutajua la kufanya." Sikutaka, lakini mimi nilikuwa mgeni na yeye ndiye mzazi. Nikamwambia Zainabu ndiye aamue. Zainabu akaichukua ile kofia, akaiweka magotini.

Bi Tatu alifika siku ambayo hatukumtazamia, asubuhi, na binti zake wawili. Mwanamke mrefu, mtandio umefungwa sawasawa, macho hayapepesi. Mama Zainabu akakimbilia ndani kutafuta kofia. Hakuiona, kwa sababu Zainabu alikuwa ameikalia.

Msichana akasimama mbele ya mkwewe, akaivua kanga mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nywele zangu ndizo hizi. Niliugua homa ya matumbo, zikanyonyoka, na sasa zinaota. Maradhi mengine sina. Ukiona sifai, sema leo, nisipambwe bure."

Mama yake alijishika mdomo. Bi Tatu akasogea, akanyoosha mkono, akapitisha kiganja juu ya kile kichwa, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, polepole, kisha akarudia.

"Laini," akasema. "Nani anakushika kichwa?"

"Salima, wa Kivinje. Huyu hapa."

Bi Tatu akawageukia binti zake. "Nendeni na mama yake bi harusi mkaone mchele wa arusi." Walipotoka akafunga mlango, tukabaki watatu, yeye, Zainabu na mimi. Akaufungua mtandio wake. Toka kwenye paji hadi juu ya masikio hakuwa na kitu, ngozi inang'aa.

"Tangu usichana wangu nasukwa za kukaza," akasema, "mpaka macho yanavutika. Ndio ulikuwa urembo. Marehemu baba yake Hamisi ameniacha hajapata kuniona kichwa wazi mchana. Sema kweli, mwanangu, huku kutaota?"

Nilipapasa pale mahali. Ningeweza kumdanganya akanipenda siku hiyo. Nikamwambia palipong'aa kama kibuyu hapataota tena, lakini kandokando kulikuwa na malaika, vile vinywele vyembamba kama vya mtoto, na hivyo vikiachwa bila kuvutwa, vikipakwa mafuta na kufungwa kwa kitambaa laini, vitaongezeka.

"Basi tuwalee hao malaika," akasema, akacheka mpaka machozi. Zainabu naye akaanza, na mama yake aliporudi alitukuta sote watatu tunafuta macho, akadhani posa imevunjika, akaangua kilio. Ilituchukua muda kumnyamazisha.

Siku ya arusi nilimpamba Zainabu kwa nywele zilezile fupi, nimezipaka mafuta yaliyolazwa na mrehani, na kikuba cha asumini nyuma ya sikio. Ile kofia ya nywele za bandia ilikwisha kuwa tandiko la kuku.

Bi Tatu ndiye aliyenihamishia Lindi. Alinipa baraza la nyumba yake, na wateja wakaja wengi, maana mji ulikuwa umechangamka kwa watu wa mashamba ya katani na wa kazi za karanga huko Nachingwea. Wengine walitaka kunyooshwa nywele kwa kitana cha chuma kilichopashwa makaani. Niliwakatalia. Waliokwenda kwingine wakaungua walirudi kwangu kutibiwa, wakiwa wapole zaidi.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa mhudumu katika hospitali ya akina mama, na kwa maneno yake nikaitwa na Matroni, Mwingereza mnene mwenye sauti kama ya mnadi. Nilikwenda. Alikuwa na mtoto mbele yake, kichwa kimejaa mapunye.

"Wewe Salima? Una chanuo ngapi?"

"Moja, Matroni. Zuri sana, la mpingo."

"Moja, watu wote?" Akaniwekea kiti. "Kaa. Nionyeshe kazi yako, na mimi nitakuonyesha yangu."

Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata jinsi mapunye yanavyosafiri na chanuo kutoka kichwa hadi kichwa. Sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Kuchemsha machanuo ya mti haikufaa, yalipinda na kupasuka, tukakubaliana kila mwanamke aje na lake, na mwenye mapunye apitie kwa Matroni kwanza. Naye akaniruhusu wodini kwa wagonjwa waliolala muda mrefu mpaka nywele zikajifunga kama kiota. Zamani zilikatwa tu. Mimi nilizifungua kwa mafuta, ncha kwanza, mchana kutwa, nao wakizungumza nami wakasahau maumivu. Matroni alikuja mara moja, akasimama, akatazama, akaondoka. Kesho yake akaniita ofisini, akavua kofia yake. Nywele zake za manjano zilikuwa zimekatikakatika kwa jua na maji ya bahari.

"Na mimi unaweza?"

Nilimpaka mafuta yangu ya nazi. Jumatatu akaniambia, uso mwekundu, "Salima, nywele nzuri sana. Lakini wagonjwa wote wanasema nanukia kama kitumbua." Na alikuwa anasema kweli.

Nilifanya kazi hiyo Lindi mpaka Waingereza wakaondoka, na miaka mingi baada ya hapo, mpaka vidole vikaanza kukakamaa asubuhi na nikashindwa kupasua njia iliyonyooka. Niliacha siku ileile nilipoiona njia imepinda. Nikarudi Kivinje.

Wasichana wananijia sasa wakiuliza dawa ya kukuza nywele ndefu. Nawaambia dawa ni uvivu kidogo: usivute, usikaze, usichane kavu, usikae na misuko mpaka ikaota ukungu. Kula vizuri, lala umefunga kitambaa laini, pasha mafuta. Wanaondoka hawajaridhika, maana walitaka kitu cha kwenye chupa. Wenye subira hurudi baada ya mwaka kunionyesha, na mimi huwa nafurahi kama vile ni mimi niliyeota nywele.

Zainabu amejaliwa wajukuu wengi, na nywele zake zilifika mabegani. Bi Tatu alikwenda kaburini na malaika wake wamejaa kandokando.

Kichwa changu mwenyewe hukishika mjukuu wangu Mwajuma. Jana alinikalisha kwenye mkeka kati ya magoti yake, akapasha mafuta, akaanza kunisugua zile mvi kwa nyama za vidole, bila haraka, akinieleza habari za mji. Upepo ulikuwa mzuri.

"Bibi, umelala?"

"Sijalala," nikamjibu, nikaendelea kulala.