Fundi wa Gobi aliyemrudishia ngamia wimbo wake

Upepo wa vumbi haujapumzika tangu juzi. Ndani ya hema, Tungalag amepiga magoti juu ya zulia mbele ya kompyuta, sikio kaliegemeza kwenye spika. Chai ya chumvi aliyokaribishwa imeshapoa. Nje ndama wa ngamia analia, na kila akilia sauti inazidi kuwa nyembamba.

Mama yake yupo hapo hapo, mzima wa afya, maziwa tele. Hamtaki tu. Alimzaa kwa uchungu mkubwa, akamgeuzia mgongo, na kila wakimsogeza kwenye kiwele anamtandika teke.

Watu wa Gobi, jangwa hili la Mongolia, dawa wanaijua. Ngamia huimbiwa. Mtu husimama karibu yake akaimba neno moja, “huus, huus,” pole pole, fidla ikimsindikiza, mpaka mama alainike, machozi yamtoke, amnyonyeshe mwanawe. Ambaye hajaona hubisha. Aliyeona hana la kusema.

Tatizo ni kwamba mwimbaji wa boma hili, Bibi Dulamsuren, alifariki wakati wa baridi. Kilichobaki ni sauti yake ndani ya kompyuta, na mkaza mwanawe, Uranchimeg, anayejitahidi kuifuata.

“Naimba na Mama mpaka koo linauma, na ngamia ananitazama kama mpita njia,” anasema Uranchimeg. “Nikajua basi, hii kazi si ya kila mtu. Ndama atakufa mikononi mwangu.”

Tungalag, mwenye miaka arobaini na sita, ndiye fundi kompyuta pekee wa wilaya hii. Alikuwa mpiga chapa wa shule. Kazi hii alijifunza kwa kufumua mashine zilizokwisha kufa, maana hizo, anasema, hata ukiziharibu hakuna wa kukulaumu. Siku hizi anazunguka na pikipiki. Mwezi mzuri huingiza laki sita za tugrik, pesa ya huku. Mwezi mbaya hulipwa kwa nyama ya mbuzi, na jirani zake humtania kwamba ndiye fundi pekee anayenenepa kwa umaskini.

Safari hii aliitwa na Purevdorj, mume wa Uranchimeg. Yeye alidhani spika za kompyuta ni dhaifu, akaagiza kutoka mjini spika kubwa na kisanduku cha sauti cha kuziunganisha na kompyuta. Sauti ikawa safi ajabu. Ngamia naye akazidi ukaidi. Purevdorj akaamini ameuziwa kisanduku kibovu.

Tungalag alikagua nyaya, akabadilisha moja, akazima na kuwasha. Hakuna mkwaruzo wala mtetemo. Alikuwa anafunga mkoba.

“Nilitaka kuwaambia ukweli,” anasema. “Mashine yenu haina neno, kamuulizeni ngamia.”

Ndipo Purevdorj alipochukua fidla yake yenye kichwa cha farasi cha kuchonga, akaanza kukaza nyuzi. Akakaza, akakaza, mpaka Tungalag akahofia zitakatika. Akamuuliza mbona anazitesa hivyo. Purevdorj akajibu kwamba bila hivyo hawezi kuifikia sauti ya Mama. Na Mama alipokuwa hai? Alipokuwa hai, akasema, Mama ndiye alikuwa akimwambia azilegeze.

“Nywele zilinisimama,” anasema Tungalag.

Mambo yenyewe ni haya. Kompyuta haihifadhi wimbo mzima mzima. Huukatakata vipande vidogo mno, kisha huvirudisha kimoja kimoja. Wimbo wa Bibi ulikatwa vipande 44,100 kwa kila sekunde. Kisanduku kipya kilikuwa kinameza vipande 48,000 kwa sekunde hiyo hiyo. Mlaji mwenye pupa! Vipande ni vile vile, lakini vinakwisha mapema, basi wimbo unakimbia na sauti inapanda juu. Kiooni kompyuta iliandika 44,100 bila haya, na taa ya kisanduku ikaonyesha 48, yaani elfu arobaini na nane.

Tungalag alibadilisha mipangilio, taa isitikisike. Kuna kitu kilikuwa kimekishika kisanduku. Akakikuta: ile programu wanayoongelea na binti yao aliyeko mji mkuu, Ulaanbaatar, imeachwa wazi nyuma ya dirisha jingine, nayo inataka 48,000 na hailegezi. Akaifunga. Akaweka 44,100 upya. Taa ikageuka.

Akabonyeza wimbo.

Bibi Dulamsuren akaingia hemani. Sina namna nyingine ya kulisema. Sauti nzito, ya kifuani, isiyo na haraka na mtu. Uranchimeg alijiziba mdomo. Purevdorj alitoka nje na fidla yake, akakaa huko kwanza. Baadaye alieleza kwamba ile sauti nyembamba walidhani ni ya ujana wa mama yake, wakaipokea hivyo hivyo, kwa kuwa ukiwa na msiba unapokea chochote.

Spika zikapelekwa zizini, kisanduku kikabaki mlangoni karibu na mkono wa Tungalag. Fidla ikalegezwa. Uranchimeg akaanza kuimba, na kwa mara ya kwanza hakulazimika kuiparamia sauti ya juu. Sauti yake ilikaa ubavuni mwa ile ya mama mkwe wake.

Ngamia aliacha kucheua. Shingo ikashuka. Jamani, yale machozi yalichirizika mpaka puani, na ndama akajipenyeza chini, akashika chuchu, mkia ukimtetemeka.

Wimbo ulipokwisha, Uranchimeg aligeuka kuitazama mashine kwa shukrani. Tungalag akatikisa kichwa, akamweleza. Alikuwa amepunguza sauti ya spika kidogo kidogo, na zaidi ya nusu ya wimbo ule zilikuwa kimya kabisa. Ngamia alikuwa amelizwa na wimbo wa Uranchimeg peke yake.

Uranchimeg aliketi chini mchangani.

Wenye boma walimsihi Tungalag arudi mapema masika yajayo, aiandae mashine kabla ngamia hawajazaa. Aliwaitikia kwa adabu, akapakia mkoba wake. Nilipomuuliza anatarajia nini mwakani, alifikiri huku akifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi.

“Naomba wasiniite,” alisema.