Soma Nikusikie

Enzi zetu, sisi tuliokulia Ujiji miaka ile wakimbizi wakivuka ziwa, vitabu majumbani vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Kwetu kulikuwa na ukuta wa jiko, upande unaotazama njia ya kwenda mwaloni, boti zinakotia nanga, na kipande cha mkaa. Baba alikuwa kuli bandarini Kigoma. Kila alfajiri kabla ya kutoka aliandika sentensi moja pale ukutani. "Migebuka ya ziwani imepanda bei." "Musa hakunawa miguu." Kisha alimwambia mama alichoandika, maana mama hakuijua hata a, naye akaitunza kichwani mpaka jioni.

Jioni ikifika, mawese yakinukia na moshi ukituchoma macho, tulisimama mbele ya ukuta mmoja mmoja. Mama alibaki ndani akisonga ugali wa muhogo. "Soma nikusikie," alisema. Ukimung'unya maneno, unaanza upya. Kaka yangu Musa, bingwa wa kubahatisha, siku moja alisoma kwamba baba atawahi kurudi, kumbe imeandikwa atachelewa. Mama akatoka na mwiko mkononi, akamtazama tu. Musa alikula wa mwisho, na mpaka leo hasaini karatasi asiyoisoma yote.

Kisha akaja Mapendo, mtoto wa miaka kama saba. Mama alimkuta mwaloni kati ya watu waliotoka Kongo. Katika purukushani za kupanda boti kule Uvira alipotezana na mama yake. Wenzake walipakiwa kwenye malori kwenda kambini, lakini yeye alikuwa na homa kali, na wasimamizi wakakubali akae kwetu wakati ndugu zake wanatafutwa. Homa iliisha. Sauti haikurudi. Aliongea kwa kunong'ona, tena na mama peke yake.

Alikuwa ameonja darasa la kwanza, herufi alizijua. Alfajiri moja baba akaandika: "Mimi ni Mapendo wa Uvira. Mama yangu ni Sifa." Sentensi zetu zilifutwa kila siku, ile haikufutwa. Jioni ya kwanza Mapendo aliisoma midomo ikitikisika tu.

"Sijasikia, mwanangu," mama akasema kutoka jikoni.

Akarudia huku analia. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Nilimchukia mama siku zile, nikaona anamtonesha mtoto kidonda makusudi. Nilipomlalamikia baba, alisema, "Mwache mama yako. Huyo mtoto lazima asikike." Taratibu sauti ikaanza kutoka, kwanza ya kusikika uani, halafu ya kusikika kwa jirani.

Jioni moja wanawake wa boti iliyofika karibuni, waliokuwa wakingoja malori, walikuwa wanapita na ndoo za maji. Mapendo alikuwa anasoma. Mmoja wao, mwembamba, kanga imepauka, akasimama. Ndoo ikamponyoka.

"Nani anaita jina yangu hapa?"

Mapendo hakugeuka mara moja. Alimalizia sentensi yake, kama tulivyofundishwa, ndipo akageuka. Kilichofuata siwezi kukieleza vizuri. Nakumbuka maji yakitiririka hadi miguuni kwetu, na baba, mtu mkavu yule, akijifuta uso kwa shati lake la kazi.

Baadaye, wamekaa jikoni, Sifa alisema alikuwa akipita pale kila asubuhi na kuyaona yale maandishi. "Mimi sikusoma, dada," alisema kwa aibu.

"Hata mimi," mama akamjibu, akampakulia ugali.

Waliondoka na lori siku iliyofuata. Mama alikataa ule ukuta ufutwe, mpaka mvua ilipoufuta yenyewe.

Leo wanangu wana kabati zima la vitabu, na simu pia. Wanasoma wamelala chali, waya masikioni, utadhani wagonjwa wametundikiwa dripu. Mama amezeeka sasa. Bado hukaa mlangoni jioni na kuwaambia, "Someni niwasikie."

"Tunasoma kimoyomoyo, bibi," wanamjibu bila kuinua macho.

Siwalaumu, wamesoma mengi kuliko aliyowahi kuyaona baba. Lakini jioni nyumba yangu imenyamaza kimya, na inaniuma kujua kwamba Sifa angepita hapa leo na ndoo yake, angeenda zake moja kwa moja.