Kanga Niliyomtuma Mwanahawa

Nakumbuka Jumanne moja ya mwisho wa kipupwe, mwanangu, mjini Korogwe, enzi za Mwingereza. Nimesimama darajani nalitolea macho gari la moshi, nimefurahi mpaka jino la mwisho, na kumbe saa ile ile nilikuwa nimeshafanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka nashika kichwa. Kaa nikusimulie. Na usichungulie hiyo simu. Wewe ndiye uliyeondoka hapa alfajiri mwaka jana ukatuaga kwa simu ukiwa umeshafika Segera, kwa hiyo maneno haya ni yako kuliko ya mtu mwingine.

Mimi ni mtoto wa Kwaluguru, kule Handeni kwa Wazigua, unajua. Kwetu maji yalikuwa ya kufukua. Unakwenda mtoni, mto ni mchanga mtupu, unachimba mpaka bega lizame, maji yanatoka kidogo kidogo kama yanaona haya, na nyuma yako wanawake kumi wanangoja zamu. Sasa mtu wa namna hiyo mpeleke Korogwe akaone Mto Pangani unapita usiku na mchana, maji tele, hakuna anayeyagombea! Siku ya kwanza nilisimama ukingoni nikacheka peke yangu. Watu wakadhani nimepagawa.

Nilipelekwa kwa Shangazi Zaina, dada yake baba, aliyeolewa huko na fundi cherehani. Shangazi alikuwa ameteleza kwenye tope la masika akavunjika mguu. Baba, ambaye hakukosa neno, alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha akageukia ukutani akafuta macho, maana huyo ndiye aliyekuwa dada yake pekee. Akanituma nikamuuguze na kumlea bintiye Mwanahawa, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutamka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nyumbani mle alikuwamo pia Bibi Mboza, mama mkwe wa shangazi, Mshambaa wa Mashewa, mwenye macho yaliyoingia ukungu lakini masikio yanayosikia mpaka unachowaza.

Basi nikakaa kipupwe chote. Na kipupwe cha Korogwe, acha tu! Asubuhi ukungu unashuka kutoka milimani, na ndani ya ukungu wanatokea wanawake wa Kishambaa na vikapu vya kabichi na viazi, unasikia vicheko vyao kabla hujawaona. Mume wa shangazi alishonea barazani kwa Mama Shirin, Mhindi Muislamu mwenye duka la nguo, na ukipita pale pua yako inachanganyikiwa, huku iliki, huku mdalasini, huku kitambaa kipya. Halafu mara honi, gari la moshi hilo linatoka Tanga. Niliupenda mji ule, mwanangu. Niliupenda kama mtu anavyopenda mtu.

Shangazi alipoanza kuinuka kitandani, mumewe alinipa doti ya kanga kwa shukrani, nyekundu, nzuri kweli. Mimi sikujua kusoma. Mama Shirin ndiye aliyenisomea maneno yake: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipande kimoja nilijifunga, kingine nikambebea Mwanahawa. Alinizoea hata akiamka usiku haiti mama, anaita Tumu. Mimi ni Mwantumu, lakini kwake nilikuwa Tumu.

Jumapili moja utingo wa lori la Handeni akaleta salamu za baba: mguu umepona, vuli inakaribia, Mwantumu arudi shambani, apande lori la Alhamisi. Weee! Nilihisi kama nimenyang'anywa sahani mkononi. Siku nne tu zimebaki, na kuna mambo chungu nzima sijayaona! Sijaona gari la moshi likivuka, sijaona soko likifunguliwa, sijafika kule marobota ya mkonge yanakopakiwa. Nikaamua kuzitumia siku zile kuuzunguka mji mpaka niushibe.

Tatizo lilikuwa Mwanahawa. Yule hakuwa mtoto wa kuachwa. Ukisimama, amesimama. Ukienda uani, yuko mlangoni anakungoja. Kumbeba siku nzima kunachosha, na kumwacha ni kilio cha kukusanya majirani. Nikabuni hila. Namwambia, "Hawa, nenda chumbani kamletee Tumu kanga." Naye alipenda kutumwa, masikini ya Mungu, anakwenda mbio mbio, miguu inapishana. Akishaingia tu chumbani, mimi huyoo, nimetoka. Nilijiona nina akili, tena huruma, kwamba namwepusha mtoto na kilio cha kuachwa. Jumatatu nikafanya hivyo mara mbili. Jumanne asubuhi nikafanya tena, nikaenda zangu darajani.

Njia ya mwongo ni fupi. Niliporudi adhuhuri nilikuta watu wamejaa mlangoni. Shangazi ameketi chini na fimbo yake, analia. Mama Shirin amesimama, ushungi umemdondoka, amempakata Mwanahawa, na Mwanahawa ameikumbatia kanga yangu imejaa vumbi na majani.

"Nimemkuta relini," Mama Shirin akasema. "Anaburuta kanga anaita Tumu, Tumu. Gari lilikuwa limeshapiga honi, Mwantumu."

Gari lile lile, mwanangu! Lile nililokuwa nalishangilia mimi darajani. Shangazi alijaribu kumkimbilia, mguu ukamkatalia njiani. Nikanyoosha mikono nimchukue, na Mwanahawa akanitazama, akageuza uso, akazidi kuikumbatia kanga. Hakulia hata kidogo. Afadhali angelia.

Siku ile hakula. Uji kakataa, ndizi kakataa. Ukigusa kanga anapiga yowe, ukimtuma kitu chochote hasogei, anakutazama tu miguuni kama anahakikisha bado upo. Shangazi hakunitukana, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Jioni nikamwambia nilivyokuwa nimepanga: Alhamisi nimtume kanga mara ya mwisho, nipande lori, asinione nikiondoka, yaishe.

Bibi Mboza alikuwa anachambua mchicha kwa vidole, maana macho hayakumsaidia. Akaacha.

"Mwali, njoo hapa. Karibu, niusikie uso wako." Nikasogea, akanishika kidevu. "Huyu mtoto umemfundisha nini kipupwe hiki?"

"Kusema, Bibi. Kutembea vizuri."

"Umemfundisha kwamba ukitumwa na mtu anayekupenda, ukirudi humkuti. Na alivyo mtiifu, kaleta kanga mara ngapi? Mara tatu. Kampa nani?"

Akaniachia kidevu.

"Unasema humuagi kwa ajili ya machozi yake. Uongo. Unaogopa yako. Muage mtoto, na machozi uyamwage, kuaga na kumwaga zimezaliwa nyumba moja. Mwizi ndiye anayetoka bila kuaga. Na wewe hukuiba kitu hapa, kwa nini utoke kama mwizi?" Kisha akanicheka kidogo, ndivyo alivyokuwa yule mama, anakuchapa huku anakupuliza. "Tena nasikia unauaga mji. Daraja litakujibu nini? Reli itakuuliza umefikaje? Ebo! Mji ni watu, Mzigua wewe."

Jumatano sikwenda kuona kitu. Nilimbeba Mwanahawa mgongoni na kanga yake mkononi, tukapita nyumba kwa nyumba, duka kwa duka. Kila mahali nasema kwa sauti, "Kesho naondoka, narudi kwetu Kwaluguru, nimekuja kuwaaga." Mara ya kwanza maneno yalikwama. Kufika ya tano yalikuwa yanatoka. Na mtoto yuko mgongoni, anasikia yote.

Basi mwanangu, siku ile ndiyo niliyoiona Korogwe. Kipupwe kizima nilikuwa naangalia maji na moshi! Mama Shirin alinifungia iliki kwenye kikaratasi, akaniambia nimpelekee mama yangu, ambaye hakuwahi kumwona. Muuza kabichi wa Kishambaa, ambaye tulikuwa tukizozana kila siku juu ya bei, alinipa kabichi kubwa akasema, "Nani sasa atanitukana asubuhi?" Jirani mmoja aliniombea dua pale pale njiani, ndoo ya maji kichwani, hakuitua. Watu niliowapita miezi mitatu kwa salamu za haraka walinishika mikono miwili. Mji mkarimu kiasi kile sijauona tena, na nimezunguka.

Usiku ule Mwanahawa alikula uji, nusu kikombe. Kanga hakuiachia.

Alhamisi tukaenda stendi sote, shangazi na fimbo yake, Bibi Mboza ameshikwa mkono. Lori likanguruma. Nikapiga magoti vumbini mbele ya Mwanahawa nikamwambia, "Hawa, Tumu anaondoka. Leo hurudi nyumbani na Tumu. Kwaheri, mama yangu." Na machozi yangu yakatoka mbele ya watu wote, utingo na dereva wakiwamo. Naye akaangua kilio, kilio kikubwa cha mdomo wazi, mpaka mbuzi waliofungwa kwenye lori wakaitikia.

Halafu, katikati ya kilio kile, akanyoosha mikono yote miwili.

"Kanga, Tumu," akasema.

Aliileta, mwanangu. Nilimtuma tangu Jumatatu, na siku hiyo ndipo aliponikuta. Niliipokea nikamwambia asante, nimeiona, umeniletea. Nikakifungua kipande nilichojifunga mimi, nikamvika yeye mabegani. Lori lilipoondoka bado alikuwa analia, lakini alikuwa ananipungia.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Mwanahawa sasa ni bibi mwenye wajukuu, anaishi Hale, na unamjua vizuri, ndiye yule anayekuja hapa kila Idi na kukusumbua kwa maswali. Umewahi kumwona anavyoondoka? Hata nikiwa nimelala ataniamsha. Atanishika mkono, atasema, "Tumu, naondoka." Mtu mzima na mvi zake, bado ananiita Tumu. Ninyi mnacheka. Mimi sicheki.

Sasa nasaha yangu ni hii, na ni ndogo. Usimtoroke anayekupenda ukadai unamhurumia. Kilio cha kuagwa kina mwisho wake, lakini aliyetorokwa anakaa na kanga mkononi, hajui ampe nani. Mahali ulipopendwa, kabla hujatoka, pita kwa watu, taja kwa mdomo wako kwamba unaondoka, na kama machozi yatakuja, yaache yaje, hayajaua mtu. Hata kwa mtoto asiyejua maneno. Hata kwa mzee anayesinzia, ambaye mnadhani hasikii.

Na Mungu akujalie safari njema, akupe miji ya kuipenda na watu wa kukushika mikono miwili, na kokote utakakokwenda akurudishe ukiwa mzima utukute. Nasema hivi sasa kwa sababu begi lako nimeliona nyuma ya mlango, na basi la Dar najua linapita alfajiri.

Uniamshe.