Mashine Iliyoita Jina la Kaka Yangu

Miezi ile baada ya kumzika kaka yangu nilikuwa na hasira na watu wengi, na karibu wote hawakujua. Sikugombana na mtu. Nilitoka mtaani Lindi asubuhi, nikafungua kufuli ya chumba chetu cha kuchapia pembeni mwa mtaa wa Ayany, nikawasha mashine, nikachapa. Mteja akisema pole, nasema asante. Lakini ndani nilikuwa natokota.

Chumba kilikuwa cha kaka. Mimi nilisoma hadi darasa la nane, nikajifunza taipu kwa mama mmoja wa kanisani, na kaka ndiye aliyenitoa kwenye taipureta akaniweka kwenye kompyuta. Aliinunua kuukuu kutoka ofisi moja mjini iliyokuwa ikibadilisha vyombo. Tulichapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, ratiba za harusi na za mazishi.

Mashine ile ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa Windows, ambao ndio nilioujua. Upande wa pili ulikuwa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ambao kaka aliupata kwenye sidii kutoka kwa rafiki yake tuliyemwita Mnubi, mtoto wa mwenye nyumba, aliyekuwa akitengeneza redio nyuma ya ploti. Walikaa wawili hao jioni nyingi wakibishana na ile mashine mpaka ikakubali kubeba vyote viwili. Tangu hapo, ukiiwasha, ilisimama kwanza na kuuliza unataka kwenda wapi. Skrini ilikuwa nyeusi, na katikati kaka alikuwa ameandika maneno yake mwenyewe: andika dirisha, au andika jina lake. Jina lake hasa, kwa herufi ndogo. Nikiandika dirisha, naenda kwenye kazi yangu. Akiandika jina lake, anaenda kwenye mambo yake.

Kwenye upande wake kulikuwa na sauti. Kaka aliimba besi katika kwaya. Kadi ya sauti ilikuwa imemsumbua sana upande ule wa Linux, na siku ilipokubali hatimaye, alichukua maikrofoni ndogo akajirekodi akiimba besi ya wimbo mmoja, ili awafundishe wenzake. Hatukuwa na kanda yake yoyote. Picha tulikuwa nazo, lakini picha haiimbi. Alipokufa, sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, nyuma ya jina lake.

Sikuifungua. Kila asubuhi nililiona jina, nikaandika dirisha. Nilijiambia kuna siku nitakuwa tayari.

Kisha akaja Waya. Ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Alirudi nami kutoka mazishini, akasema hataniacha nikae peke yangu kwenye chumba cha kupanga. Siku moja alinisindikiza kazini akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikawasha mashine. Waya anajua kusoma.

"Hilo jina linafanya nini hapo?" akauliza.

"Aliliandika mwenyewe, Waya. Lilikuwa hapo kabla hajaugua."

"Kwa hiyo kila asubuhi unamwita."

"Simwiti. Linatokea tu."

"Linatokea kwa nani kama si kwako?" Akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Tumemzika. Tumenyolewa nywele. Mke wa mwanangu ana mimba, nawe unajua. Mtu akifa, jina lake linangoja mtoto. Anakuja ndotoni kudai mtoto apewe jina hilo. Sasa huyu atakuja vipi, na jina lake limeshapewa chombo cha umeme?"

Nilikasirika, lakini sikuweza kusema ni upuuzi. Mimi mwenyewe nina jina la nyanya yangu aliyelia katika ndoto ya mama. Nikasema nitalitoa.

Ningemwendea Mnubi. Ndiye aliyeijua mashine ile kama kaka. Lakini yeye hakuja mazishini. Basi lilipoondoka na jeneza, marafiki wote wa kaka walikuwa ndani au wamesimama kando, na yeye hakuonekana. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga kibandani kwake. Basi nikalifunga boksi la mashine kwa leso, nikalipeleka kituo cha Kawangware 46 kwa fundi ambaye wateja walimsifu.

Alikuwa kijana wa tai, mwenye cheti ukutani.

"Nataka utoe hili jina tu," nikamwambia. "Usiguse kingine."

"Hiyo ni kazi ya dakika, sista."

Akaingiza disketi yake, akaandika kitu kifupi, akabonyeza, akazima na kuwasha. Ile skrini nyeusi haikuja. Mashine ilikwenda moja kwa moja kwenye Windows, kama mashine ya mtu yeyote.

"Ona. Safi kabisa."

"Na ule upande mwingine?"

"Upande gani?"

"Wa Linux. Kulikuwa na pande mbili."

Akacheka, si kwa ubaya. "Sista, mashine ni moja, upande ni mmoja." Akafungua mahali panapoonyesha jinsi diski ilivyogawanywa, akapiga kioo kwa kalamu. "Hii nusu ndiyo iko. Hii ingine imekufa. Mashine yenyewe inasema haijui ni nini. Imekaa bure tu, inakula space. Nifute nikuunganishie, upate diski kubwa?"

"Usifute."

"Sikuchaji extra."

"Nimesema usifute. Haijakufa."

"Wewe ni typist ama ni engineer?" Aliwageukia wateja wawili waliokuwa wakingoja, wakatabasamu naye. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya herufi ya kukubali.

Nikainama nikachomoa waya kwenye soketi.

Skrini ikazimika. Fundi aliniangalia kama mtu aliyemwona mgonjwa wa akili, akasema polepole kwamba mashine haizimwi hivyo, kwamba nitaiharibu. Nikafunga leso yangu. Nilikuwa nimelisikia neno hilo, kufa, mara nyingi mno. Daktari alilisema akiwa ameshika kishikizo cha mlango. Mlinzi wa mochari alilisema akitafuna. Na sasa huyu wa tai alikuwa amelisema juu ya kitu ambacho hakukifungua hata kukitazama.

Nikafanya kazi kwa Windows peke yake. Mashine ilikuwa inawaka haraka kuliko zamani, na hilo nalo lilinikera. Waya alifurahi. Akaja tena, akaona jina halipo, akasema, "Sasa moyo wangu umetulia."

Nilipiga herufi kwa nguvu mpaka kibodi ikasogea mezani.

"Una nini na mimi?" akauliza. "Tangu juzi unanipa uji bila kuniangalia."

"Sina kitu."

"Unacho. Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Akikasirika anakuwa mpole kama mwizi."

Nikageuka. "Sauti yake ilikuwa humo, Waya. Akiimba. Ulipotaka jina litoke, likatoka na mlango. Sasa siwezi kuingia, na fundi anasema hakuna kitu, na mimi sijui kama yupo au hayupo."

Mkono wa Waya ulipapasa kichwa chake, ambapo nywele zilikuwa zimeanza kuota.

"Hukuniambia kuna sauti," akasema.

"Hukuniuliza."

"Ningejuaje kuuliza? Mimi niliona jina. Ungeniambia ni sauti, ningekuambia uliache." Kisha, "Kwa nini usimwendee yule Mnubi wake?"

"Hakuja kumzika."

"Kwa hiyo ndiyo adhabu? Unamnyima yeye au unajinyima wewe?"

Sikuondoka kitini. Waya ndiye aliyeondoka. Alikwenda na ndara zake mpaka nyuma ya ploti, na aliporudi alikuwa na Mnubi, amebeba pochi ya disketi na ile sidii. Alinisalimia, nikaitikia nikiangalia ukuta. Waya akamweleza yaliyotokea, kwa ufupi, na bila kujitetea.

Mnubi aliuliza jambo moja tu. "Alifuta, au aliondoa jina tu?"

"Nilichomoa waya kabla hajafuta."

Alitikisa kichwa. Nadhani alicheka kidogo. "Basi, dada, nyumba iko. Kile kitu kilichokuwa kinauliza kinakaa mwanzo kabisa wa diski, mahali padogo sana. Mashine ikiwaka inasoma pale kwanza ili ijue iende wapi. Yule jamaa ameandika juu yake maagizo mengine, kwamba iende Windows bila kuuliza. Na Windows haiwezi kusoma upande wa kaka yako, ndiyo maana aliona kama hamna kitu. Lakini vyumba hajavigusa."

Akaweka disketi aliyoitumia pamoja na kaka siku ya kwanza, akaiambia mashine ianzie hapo kisha iingie kwenye diski. Mistari ikakimbia. Ikakwama. Ya mwisho ilisema imeshindwa, na ndani yake kulikuwa na neno la Kiingereza, panic, ambalo hata mimi nilijua kuwa maana yake ni hofu kuu.

"Unaona," nikasema. "Imekufa. Semeni basi, kila mtu anasema."

"Ngoja." Alisogeza uso karibu na kioo. "Nimeielekeza sehemu ya kwanza. Ya kwanza ni Windows. Nimesahau, sisi tuliiweka ya pili."

Akabadilisha tarakimu moja. Mistari ikakimbia tena, na safari hii haikukwama. Ilidai neno la siri, ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Akaanza upya, akaongeza neno moja la kuiambia mashine iingie kama inavyoingia kwa matengenezo, bila kuuliza mtu ni nani. Ikaingia. Akatafuta kwa muda, akisoma majina ya mafaili kwa sauti ya chini, kisha akaniangalia.

"Ni hii," akasema. "Nicheze?"

Niliitikia kwa kichwa.

Spika zilikwaruza. Kisha kaka yangu akaimba, besi peke yake, bila sauti nyingine juu yake, kwa hiyo wimbo ulisikika kama mtu anayetembea chini ya sakafu. Aliimba ubeti nusu. Akakohoa. Akakohoa tena, muda mrefu, na nikasikia sauti yangu mwenyewe kwa mbali, imechoka: "Kuna mteja hapa." Akasema, "Mwambie angoje. Naanza upya." Akaanza upya.

Wimbo ulipokwisha, Mnubi alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamuuliza hapo hapo, kwa sababu nisingemuuliza siku nyingine. "Kwa nini hukuja?"

"Nilifika mpaka kona," akasema. "Nikaona sanduku likipandishwa. Sikuweza, dada. Nikarudi."

Sikumwambia si kitu. Lilikuwa kitu. Lakini nilimsogezea kigoda, kwa sababu muda wote alikuwa amesimama.

"Sasa naweza kurudisha lile swali," akasema. "Ni amri moja. Lakini ni lazima niweke neno la kuandika. Niweke lile jina, au lingine?"

Nikamtazama Waya.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Mimi niliamua mara moja, ukaona kilichotokea."

Nililitaka jina lile. Nililitaka pale kila asubuhi, hata kama lilinichoma. Lakini mtoto alikuwa njiani, na jina si langu peke yangu.

"Andika besi," nikasema.

Akaandika, akaifuta ile skrini ya maneno ya kaka na kuweka mpya, akatoa disketi, akaiwasha mashine. Ikasimama, ikauliza. Nikaandika besi kwa mkono wangu mwenyewe, ikaingia.

Waya akataka kusikia tena. Nikaicheza. Ilipokaribia mahali pa kukohoa, nikanyoosha mkono kwenye kitufe cha spika.

"Iache," Waya akasema.

"Sitaki kukisikia kile kikohozi."

"Kilikuwepo. Tulikisikia wote, mwaka mzima. Kila alipokuja kijijini mimi nilisema ni vumbi la karatasi. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema ni vumbi la karatasi."

"Na wewe?"

Mnubi akasema yeye alimwambia apunguze sigara, na alijua havuti.

Nikautoa mkono kwenye spika. Kaka akakohoa, muda wote aliokuwa amekohoa siku ile, na sisi watatu tukakaa tukikisikiliza mpaka mwisho.