Wasomaji Wanane wa Uthmani

Uthmani wa Bwiza, Mungu amsitiri, mdomo wake ulimtangulia popote alipokwenda. Siku ya kumposa Asiya, badala ya kutulia wazee waseme, akaanza kumsimulia Mzee Sulemani, baba wa binti, kazi yake ya ofisini, mtaa wa Rohero: kutafuta majina katika madaftari ya zamani ya wafanyakazi wa bandari, yaliyokwisha kuingizwa yote kwenye kompyuta.

"Zamani mashine ilisoma peke yake, saa nzima," alijigamba. "Mi nimeigawia kazi. Ndani mna wasomaji wanane, kila mmoja na kipande chake, wanasoma kwa pamoja. Sekunde tano tu!"

Mzee akaweka kikombe chini. "Basi nitafutie baba yangu, Ramazani Kalunga. Alibeba mizigo pale bandarini, na sina hata picha yake. Ukimupata, tutaongea mambo ya mutoto wangu."

Looh! Uthmani akatoa kompyuta mkobani, akaifungua. Sekunde tano kweli. Jibu: hayupo.

"Hayupo?" Mzee akasimama. "Kama baba yangu hayupo, na mi sipo. Na kama mi sipo, huyu binti mumekuja kumuposa kwa nani?"

Wazee wa upande wa Uthmani wakainamia mkeka. Yeye alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asiya, ambaye ndiye hugawa juzuu za Kurani kwenye khitma za akina mama, kila mmoja asome yake, akachungulia kutoka jikoni. "We Uthmani, vipande umevikatia wapi?"

"Nimehesabu herufi. Vyote sawasawa."

"Haya! Na jina likiangukia penye mkato? Mmoja kasoma Ramazani, wa pili kasoma Kalunga, na wote wanaapa hawajamuona mutu! Kwetu kwenye khitma hakuna anayeachia katikati ya aya. Kila mmoja avuke mpaka kidogo, asome na mwanzo wa kipande cha mwenzake."

Ukweli mtupu, na aibu tupu. Uthmani akarekebisha, akabonyeza. Sekunde sita. Ramazani Kalunga, mchukuzi.

Mzee akavaa miwani, akaweka kidole juu ya jina, akalia waziwazi mbele ya wageni. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa, isipokuwa yule yule asiyejua kunyamaza.

"Baba, na ile posa?"

"Posa gani tena? Si nimeshakupa?" Mzee akafuta macho, akamvutia kiti. "Kaa hapa, mwanangu. Mama yangu naye alikuwa anapika pale pale bandarini. Mutafute."